Shangazi Griet na Mizabibu ya Upara

Hapa Genesaret hakuna mtu anayeujua mvinyo kama Shangazi Griet, na mpaka Septemba ya mwaka jana alikuwa hajawahi kuunywa hata tone.

Sisi hatuoni kichekesho. Kijiji ni cha kanisa: barabara moja, nyumba nyeupe za kuezekwa kwa nyasi huku na huku, kanisa kule juu, na nyuma ya vilima bahari. Ukishafika ufukweni, mbele yako hakuna tena kitu mpaka kwenye barafu ya ncha ya kusini, na upepo unatoka hukohuko bila kusimama popote kupumzika. Kazi yetu ni mizabibu, na Chama cha Kiasi ndiyo dini yetu ya pili. Mtu anachuma zabibu Jumatatu mpaka Ijumaa, au anaosha matangi, au anapakia makatoni ya chupa kwenye lori, halafu Jumapili anabandika utepe wa bluu kifuani, kuonyesha kwamba pombe haipiti kooni mwake. Mimi utepe wangu niliuvaa wiki tatu. Wa Shangazi ulikuwa na miaka arobaini na moja.

Jina lake kamili ni Magrieta Speelman, dada yake baba. Mfupi, mkavu, macho madogo kama ya ndege anayetafuta mbegu. Ukimsalimia asubuhi unajikuta umekaza taya, kama mtu aliyeuma ndimu. Siku ya harusi ya binti wa jirani yetu, wanawake wote walimzunguka bibi harusi wakishangilia gauni, yeye akasogea, akakigusa kitambaa, akasema, "Gauni zuri. Hata dada yako lilimkaa vizuri." Basi. Akaenda zake kula keki. Na bado hakuna harusi ambayo hakualikwa, kwa sababu ukimkosa yeye ni kama umekula samaki bila chumvi.

Utepe aliupata hivi. Babu alifanya kazi shamba moja ng'ambo ya mto, zama zile ambapo sehemu ya mshahara ilikuwa mvinyo. Kikombe cha bati, mara tano kwa siku, cha kwanza kabla jua halijatoka. Mvinyo mbaya, uliobaki chini ya tangi. Babu alikufa na miaka arobaini na mbili, manjano mpaka kucha. Wiki hiyohiyo ya mazishi Griet, miaka kumi na minne, akaenda kanisani kuomba utepe. Wakamwambia asubiri afikishe kumi na sita. Akasema sawa, atasubiri, akakaa kwenye ngazi ya kanisa. Jioni ikaingia, upepo ukaanza, mtoto yuko palepale. Wakampa.

Miaka ishirini na mbili iliyopita kiwanda cha mvinyo kilikodi ardhi ya kanisa upande wa baharini, kilima ambacho hata kondoo walikuwa wanakikataa. Tunakiita Upara, maana hakuna kinachosimama pale juu bila kulazwa na upepo. Shangazi na wanawake kumi na mmoja ndio waliopanda ile mizabibu, kwenye changarawe, wakiwa wamejifunga vitambaa kichwani mpaka machoni. Mwaka wa kwanza upepo uling'oa theluthi. Wakapanda tena. Wa pili uling'oa tena. Mimi ningehama. Shangazi alikwenda akaokota mawe, akajenga ukuta wa kufika gotini mbele ya kila mstari, peke yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka wenzake wakaona aibu wakaja kumsaidia.

Mzabibu wa Upara unazaa kidogo, vishada vidogo, ngozi ngumu. Na zabibu zake zina kazi moja: kujua siku ya kuzichuma. Ukiwahi, ni majani matupu. Ukichelewa, ule ukali umekwenda na haurudi. Siku hiyo alikuwa anaijua Shangazi. Kuanzia mwanzo wa Februari anapita kwenye mistari alfajiri, anachuma punje moja hapa, moja kule, anatafuna, anatema. Wiki ya kwanza anasema, "Nyasi." Ya pili, "Pilipili hoho." Kisha, "Jani la nyanya." Ikifika "ganda la balungi" watu wanaanza kunoa mikasi. Mwisho kabisa anatafuna mbegu yenyewe, na ikivunjika menoni kama karanga iliyokaangwa, anageuka anasema, "Alhamisi." Hakuna aliyeuliza kwa nini Alhamisi. Mzee aliyekuwa fundi wa mvinyo alikuwa anaandika tu, Alhamisi, na mvinyo ulikuwa unatoka mkali, mwembamba, baridi, wa kukuamsha. Watu wa mjini walikuwa wanaununua wa kunywa na chaza.

Ile ya kutafuna haikuwa dhambi. Zabibu ni tunda.

Sasa yule mzee akastaafu, akaja Bwana Ruan. Kijana wa bara, wa kule kwenye mabonde yenye joto ambako zabibu zinajinenepea zenyewe. Si mtu mbaya. Alikuwa na digrii, viatu vya kahawia, na kidude cha kupimia sukari alichokining'iniza shingoni kama filimbi ya refa. Wiki ya pili tu alipanda Upara, akabana punje moja kwenye kidude chake, akatazama ndani, akatikisa kichwa.

"Hizi hazitaiva kamwe," akasema. "Mvinyo wake unakwaruza. Watu siku hizi wanataka mviringo, wanataka ulaini. Na upepo huu, tani tatu kwa hekta? Heri tung'oe tupande maua ya kuuza."

"Maua nayo yatataka ulaini, Bwana Ruan?" Shangazi akauliza, bado anakata matawi.

"Shangazi, ni hesabu tu."

"Hesabu yako ina upepo ndani yake? Maana mimi naona imesukwa nywele vizuri sana."

Tukacheka. Bwana Ruan naye akacheka, kwa heshima, kisha akasema lile neno ambalo asingelisema kama angekuwa na mwezi mmoja zaidi kijijini.

"Lakini Shangazi, wewe hujawahi kunywa mvinyo maishani mwako. Utanifundishaje mimi mvinyo unatakiwa uweje?"

Shangazi akasimamisha mkasi. "Sijawahi kuwa ng'ombe pia," akasema. "Lakini maziwa yakiharibika najua."

Mwenye kiwanda hakutaka ugomvi na kanisa, akatoa hukumu ya mtu anayetaka kulala. Mavuno ya mwaka jana yagawanywe. Nusu ya Upara ichumwe siku ya Shangazi, nusu siku ya Bwana Ruan. Matangi mawili. Septemba anakuja mnunuzi kutoka Uholanzi. Akichukua tangi lolote kati ya hayo mawili, Upara unabaki. Asipochukua, mizabibu inang'olewa kabla ya Krismasi. Na trekta la kung'olea, kwa taarifa yako, dereva wake ni mimi.

Shangazi alichuma Alhamisi. Bwana Ruan alisubiri siku kumi na mbili zaidi, na kila siku alikuwa anapanda na kile kidude chake kutazama sukari, huku ndege wakija makundi kwa makundi kumsaidia kupunguza mzigo.

Baridi ikapita. Agosti mwenye kiwanda akaona wazo: siku ya mnunuzi, Shangazi awepo, aonje matangi yote mawili mbele yake, amweleze kuhusu Upara. Wageni wanapenda mambo hayo, mama wa shambani, mikono yenye sugu. Wakaja kumwambia. Akajibu hawezi, ana utepe.

"Utatema tu, Shangazi," Bwana Ruan akamwambia. "Wote tunatema. Kuna ndoo. Mimi naonja mvinyo sitini kwa siku naenda nyumbani nikiwa mzima."

"Huo uzima wako sijauona bado," akasema, lakini nilimjua: alikuwa ameanza kufikiri. Akapeleka suala barazani.

Baraza la kanisa lilikaa mara mbili. Swali lilikuwa moja: mtu akiweka mvinyo mdomoni akautema, amekunywa? Mwenyekiti wa Chama cha Kiasi ni Mzee Appollis, fundi wa kuezeka nyasi, mtu ambaye hata sharubati ikikaa siku mbili anainusa kwanza. Yeye alisema amekunywa. Mwenzake mmoja akamuuliza:

"Mzee Appollis, ulipokwenda kwa daktari wa meno, alikupa dawa ya kusukutua?"

"Alinipa."

"Uliinywa?"

"Niliitema."

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Nasema ile ilikuwa dawa!"

"Na huu ni ukodishaji wa Upara, Mzee, na paa la kanisa linavuja juu ya benchi la nyuma. Hiyo nayo ni dawa."

Kura tano kwa nne. Kutema si kunywa. Ila Mzee Appollis, kwa kuwa ameshindwa, akadai sharti: Mchungaji awepo, aone kwa macho yake kwamba kila kilichoingia kimetoka. Wote wakakubali kwamba hilo ni sharti la busara.

Sasa sikiliza. Watu tisa walikaa barazani, wazaliwa wa Genesaret wote, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kitu ambacho mtoto wa miaka minne hapa anakijua. Mbele ya mchungaji hutemi. Huvui kofia nusu, huvai nusu, huna kitu mdomoni, na hutemi. Mjomba wangu mmoja alikuwa anatafuna tumbaku mbele ya duka, Mchungaji akatokea kwenye kona, mjomba akaimeza yote na kumjibu salamu. Alitapika siku mbili, na mke wake alimsifu kwa malezi mema.

Siku ikafika. Mnunuzi alikuwa mama mrefu mwenye miwani ya kamba, anaitwa Femke, na Kiholanzi chake kilifanana na lugha yetu, iliyozaliwa na Kiholanzi cha zamani, kiasi kwamba tulikuwa tunamwelewa kama mtu anayeongea huku ana usingizi. Alikuwa ameanza saa mbili asubuhi mashamba mengine. Alipofika kwetu ilikuwa imeshapita saa nane, ameonja na kutema mvinyo arobaini na kitu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri basi.

Kwenye chumba cha kuonjea palikuwa na meza, glasi, chupa mbili zisizo na karatasi, na ndoo ya chuma chini. Mimi nilikuwa nimepanga viti. Mwenye kiwanda, kwa heshima, aliagiza kiti cha Mchungaji Adonis kiwekwe mahali ambapo ataona vizuri. Kwa hiyo kiliwekwa kando ya ndoo. Magoti yake yalikuwa karibu kuigusa.

Shangazi aliingia amevaa nguo ya Pasaka, utepe kifuani. Bwana Ruan akammiminia ya kwanza, ile ya Alhamisi ya Shangazi, lakini hakumwambia. Shangazi akaiinua, akainusa kama anavyonusa shuka la mgeni, akaweka mdomoni. Nilimwona anaizungusha. Macho yalimtoka kidogo tu. Kisha akainama kwenye ndoo.

"Bwana awe nawe, dada Griet," Mchungaji akasema kwa upole, kumtia moyo.

Mchungaji akikusalimu, unajibu. Shangazi alibaki ameinama, mashavu yamejaa, uso wake na uso wa Mchungaji umbali wa mkate. Nikaona koo lake linapanda na kushuka.

"Na wewe pia, Mchungaji."

Akatoa leso, akajifuta midomo taratibu, kama mtu aliyetema. Mzee Appollis, aliyesimama mlangoni kama shahidi, akatikisa kichwa kuridhika. Hakuna aliyejua. Mimi nilijua kwa sababu mimi nilikuwa natazama koo. Wengine walikuwa wanatazama ndoo.

Glasi ya pili akainama tena, Mchungaji akamtabasamia tena, leso ikatoka tena. Akarudi kwenye kiti chake, akakaa wima, mikono mapajani. Nilidhani anasali. Kumbe anasikiliza kitu.

Mama Femke naye akaonja. Ya kwanza: akazungusha, pyuu, kwenye ndoo, karibu na kiatu cha Mchungaji. Yeye kwao Uholanzi, hajui. Mchungaji akavuta mguu.

"Safi," akasema. "Kali. Balungi, majani. Halafu basi, imekwisha. Nyembamba."

Ya pili, pyuu. "Hii ni nene zaidi, laini. Lakini laini kama hii ninayo ya kutoka nchi sita." Akafunga daftari. "Samahani. Zote mbili si mbaya. Sitachukua."

Bwana Ruan akamtazama mwenye kiwanda, akainua mabega polepole. Hakufurahi, nitasema ukweli. Alikuwa amechoka tu. "Nilisema Upara umekwisha," akasema. Mwenye kiwanda akanigeukia mimi, na nilijua anataka kuniuliza kuhusu trekta.

"Mama," Shangazi akasema kutoka kwenye kiti. "Umetema."

Femke akageuka. "Ndiyo. Ni kawaida."

"Ndiyo maana hukuipata. Ile ya kwanza haijaisha. Umeitupa ikiwa njiani. Meza, usiseme neno, subiri."

"Nisubiri nini?"

"Chumvi." Alisema hivyo akitazama mbele, hakumtazama Mchungaji. "Ikiteremka, mwanzo hakuna kitu. Unafikiri imekwenda. Halafu pembeni mwa ulimi inarudi, kama ulivyolamba jiwe la ufukweni ulipokuwa mdogo, na inakaa. Hapa nilipo bado ninayo. Hii ya pili ukimeza inakufa kooni, inakuachia joto tu kama blanketi la hospitali. Ile ya kwanza ni yangu. Ni ya Alhamisi."

Mzee Appollis alikuwa wa kwanza kuelewa. "Dada Griet," akasema kutoka mlangoni, sauti ndogo, "umejuaje ikiteremka inakuwaje?"

Angeweza kusema alisimuliwa. Angeweza kusema ameota. Mtu wa miaka hamsini na mitano, benchi la mbele, kiongozi wa kwaya ya akina mama, hakuna ambaye angembishia.

"Nimemeza, Mzee," akasema. "Zote mbili. Mngemweka Mchungaji mbali na ndoo."

Mchungaji Adonis akatazama ndoo kama vile ndiyo kwanza anaiona.

Mama Femke hakuelewa balaa lililotokea, lakini alielewa kwamba mtu hawezi kusema vile kwa mchezo. Akamimina ya kwanza, akanywa, akameza. Akasimama. Nje upepo ulikuwa unapiga bati la ghala. Sisi wote tukamtazama mdomo. Nilihesabu mpaka sita kabla hajavua miwani.

"Jamani," akasema. Kisha akafungua daftari. "Lote. Hili la kwanza lote, na la mwakani pia, kama litachumwa Alhamisi."

Bwana Ruan, kwa heshima yake lazima niliseme hili, akajimiminia naye, akageukia ukutani, akameza. Alikaa hivyo muda. Alipogeuka, kile kidude cha sukari alikivua shingoni, akakitia mfukoni, na mpaka leo akipanda Upara anapanda shingo tupu.

Barazani safari hii hawakuchukua muda. Mzee Appollis alisema mara ya kwanza anaielewa, ni adabu, hata yeye angemeza. Mara ya pili alikuwa ameshajua njia. Utepe urudishwe, mwaka mmoja benchi la nyuma, kwaya apumzike. Shangazi aliufungua mwenyewe, akaukunja mara nne, akamwekea mezani. Pini akabaki nayo. "Pini nilinunua mimi," akasema.

Novemba kiwanda kikalipa kodi ya Upara ya miaka mitano kwa mpigo, na Mzee Appollis, ambaye ndiye fundi, akaanza kuezeka upya paa la kanisa. Alianzia kule lilikovuja zaidi, juu ya benchi la nyuma. Kwa hiyo majira yote ya joto Shangazi Griet aliyetengwa alikaa chini ya nyasi mpya, pakavu, pananukia vizuri, na sisi walevi pembeni yake, wakati wenye tepe kule mbele wanasubiri zamu yao na ndoo zao. Ndoo zilikuwa nne. Alizihesabu kwa sauti.

Nilimuuliza kama aliupenda. Tulikuwa jikoni kwake, anakaanga samaki.

"Nini?"

"Mvinyo."

Akageuza samaki kwanza. "Baba yangu walimpa kikombe mara tano kwa siku miaka ishirini," akasema, "na hakuna siku moja waliyompa ule." Kisha akaniambia nitoe kiwiko mezani.

Wiki ya pili ya Februari mwaka huu, alfajiri, tuko Upara. Yeye mbele anatafuna, anatema, sisi nyuma. Tukamwona Mchungaji Adonis anapanda kilima peke yake, kola nyeupe, ameshikilia kofia kwa mikono miwili. Tukavua kofia wote. Shangazi alikuwa na punje mdomoni. Akaimeza, na mbegu zake.

Mchungaji akasalimu, akasifu mizabibu, akasifu ukuta wa mawe, akauliza hali yake. Akatazama bahari. Kisha akasogea, akashusha sauti, lakini upepo ulikuwa unakuja upande wetu.

"Dada Griet. Ile chumvi uliyoisema. Ni chumvi kabisa, kama ya mezani?"

"Hapana, Mchungaji. Ni kama ya baharini ukiwa umeshatoka majini."

"Aa." Akafikiri. "Na mtu akitema, hata ajitahidi vipi, haiji?"

"Haiji."

Mchungaji akatikisa kichwa pole pole, utepe wake wa bluu unapigapiga kwenye koti, akaaga, akaanza kushuka. Alikuwa amefika kwenye ukuta wa mwisho Shangazi alipomwita.

"Mchungaji! Benchi la nyuma lina nafasi. Na hapavuji."

Hakugeuka, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Shangazi akachuma punje nyingine, akaitafuna mpaka kwenye mbegu, akasikiliza.

"Bado," akatuambia. "Hoho."